Nyigu na Friji

4 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mwezi wa tatu huu napiga simu yako, inaita mpaka inachoka. Nikimpigia wifi ananiambia uko chini ya gari, au umetoka sasa hivi, au umelala. Fundi gani analala saa nne asubuhi? Basi nimeamua kuandika, kama zamani ulipokuwa chuoni nami nikikuandikia barua za kuomba viatu.

Mimi sijambo, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Shule ya udereva imetuongezea wanafunzi, sasa nina saba kwa siku. Kazi yangu unaijua: naketi kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, naendeshwa na watu wasiojua kuendesha. Mwaka wa kumi na tisa huu. Juzi mmoja, karani, mtu mzima na tai yake, aliona mbuzi barabarani, akaachia usukani akafumba macho. Nikakanyaga breki, nikashika usukani, mbuzi akapita zake. Bwana akafumbua macho akaniuliza, "Mwalimu, nimefaulu?" Ndiyo maana wananiita Mama Breki, na sasa hata mlinzi wa getini hajui jina langu jingine.

Lililonifanya niandike ni hili: nimenunua gari. Langu mwenyewe. Dogo, jeupe, milango minne, otomatiki. Unabonyeza kitufe linawaka bila kelele. Siku ya kwanza nilibonyeza mara mbili nikalizima, maana sikusikia kitu. Ukikaribia ukuta linalia. Ukisahau mkanda linalia. Usukani unaugeuza kwa kidole. Jioni nikitoka kazini, masikio yakiwa bado yamejaa gia za watu zinazosagana, linanirudisha nyumbani kama mtu aliyembeba mtoto aliyelala. Haliniombi kitu. Kaka, mwaka huu kila mtu ananiomba kitu.

Mje wewe na wifi mwezi wa nne, nitakuwa likizo. Ni mwendo wa saa sita tu. Na ukitaka ushauri wangu, tafuta na wewe gari la namna hii. Miaka sitini na tatu si umri wa kukanyaga klachi ya Nyigu, kile kigari chako cha zamani, saa sita mfululizo. Kwanza, Nyigu mwenyewe hajambo?

Mdogo wako,
Mama Breki


19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu ilitumbukia kwenye pipa la oili chafu. Nimeitoa, inaita, lakini haisikii. Kama wanafunzi wako.

Kumbe umenunua friji. Jeupe, halina kelele, lina taa ndani, na ukiacha mlango wazi linalia. Umelieleza vizuri mwenyewe, mimi nimelipa jina tu. Hongera. Ukilichoka, weka maziwa.

Nyigu hajambo. Jumapili nilimtoa. Nilivuta choki, nikamwacha ajikohoze, akatulia kwenye ule mlio wake unaoujua. Wifi yako akafunga madirisha kama kawaida. Tukapanda barabara ya bwawani. Ndani ya Nyigu kilomita sitini kwa saa unazisikia mgongoni. Umekaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono nje unadhani utagusa lami. Joto la injini liko miguuni, harufu ya petroli iko kwenye shati, na tairi la mbele likipita juu ya kokoto usukani unakwambia ni kokoto kubwa au ndogo. Kwenye kona iliyo chini ya kiwanda cha matofali unashusha gia, kutoka ya tatu kwenda ya pili. Mguu wa kushoto unabana, mkono wa kushoto unavuta, mguu wa kulia unagusa mafuta kidogo injini isishtuke. Vyote hivyo vinakwenda pamoja, na wewe hata huviwazi. Hapo ndipo mtu anaendesha. Ndani ya hilo friji lako wewe ni mzigo. Umepakiwa.

Kuja siwezi. Gereji sina wa kumwachia.

Wifi yako anakusalimu. Anashona sare za shule nzima, nyumba imejaa uzi.

Kaka yako,
Fundi


8 Machi

Kaka,

Nimesoma barua yako jikoni, nimesimama, sijavua hata viatu. Nilicheka kwenye maziwa. Nilipofika kwenye neno "mzigo" kicheko kikaisha.

Niseme jambo ambalo sijawahi kukuambia. Leo nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kuficha.

Nilikuwa na miaka kumi na saba ulipolileta lile gofu la gari, viti viwili na kutu, kutoka kwenye uwanja wa kampuni iliyofilisika. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva. Miaka minne tulimjenga, wewe na mimi. Wewe ulishika injini, mimi nikapewa msasa. Nilimsugua Nyigu mpaka vidole vikabaki havina alama. Ningeweza kuiba popote nisishikwe. Rafiki zangu wakienda kucheza, mimi nipo chini ya boneti nakupa spana kabla hujaitaja namba. Siku alipowaka mtaa mzima ulitoka nje, na wewe ukaniambia mbele ya watu, "Hili ni letu wawili."

Wiki moja baadaye ukanipa usukani. Mara moja tu. Nilimpeleka mpaka bwawani, na wakati wa kurudi, chini ya kiwanda cha matofali, ukaniambia, "Simama hapa." Ukachomoa ufunguo. Ukasema, "Inatosha." Hukusema nimekosea nini. Tulibadilishana viti, na hujanipa tena ufunguo ule. Miaka thelathini na moja, kaka, na mimi bado naitafuta ile kona nijue nilikosea wapi. Nadhani hata kufundisha nilianza kwa sababu hiyo. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuteremshwa bila kuambiwa kosa lake.

Sasa ukiniandikia raha ya Nyigu, joto miguuni, kokoto kwenye usukani, mimi naisoma kama mtu anayesimuliwa harusi ambayo hakualikwa. Friji langu halina raha hiyo, ni kweli. Lakini kila asubuhi linanifungulia mlango.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Mambo ya zamani tuyaache yalipo.

Jumapili nilimtoa tena Nyigu. Barabara ilikuwa kavu. Klachi ni nzito siku hizi, labda waya unataka kupakwa grisi. Nimekuwa nikiufikiria sana mguu wa kushoto. Mtu anausifu mguu wa kulia kwa sababu ndio unaokimbiza, lakini wa kushoto ndio unaoruhusu. Usipobana wa kushoto, hakuna gia inayoingia. Ni kama mama mkwe.

Nikuulize kitu. Ndani ya hilo friji lako, mguu wa kushoto unafanya kazi gani? Na mkono wa kushoto?

Kaka yako,
Fundi


10 Aprili

Kaka,

Haufanyi kazi yoyote. Mguu wa kushoto unalala, na mkono wa kushoto unakaa mapajani. Haya, umepata la kuchekea mpaka mwakani.

Nilikuandikia jambo lililonikaa moyoni miaka thelathini na moja, nawe umenijibu kwa grisi. Likizo yangu inakaribia kuisha, na wewe hukuja. Sina hasira, nimechoka tu. Naomba nipumzike kidogo na hizi barua.

Msalimie wifi.

Mama Breki


2 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Mimi ni mtu wa sindano, kalamu hunitoroka. Kaka yako akijua nimekuandikia tutaoneshana, lakini bora tuoneshane kuliko haya ninayoyaona.

Kaka yako alipata kiharusi. Ni mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Aliinama kufunga tairi akashindwa kuinuka. Upande wa kushoto wote, mkono, mguu, mpaka pembe ya mdomo. Hospitali tulikaa siku kumi na mbili. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Huyo ana mizigo yake, asije akaacha na kazi kwa ajili yangu." Nikaapa, Mungu anisamehe, nikawa nakudanganya kwenye simu kila wiki. Simu haikutumbukia kwenye oili yoyote. Anaona aibu na maneno yake, yanatoka kama ya mlevi. Hata mimi humwambia arudie, naye hukasirika. Ila mkono wa kulia ni mzima, ndiyo maana ukaona mwandiko wake uleule.

Gereji imefungwa. Wateja tumewaambia yuko safari.

Na Nyigu, wifi, hajatoka nje tangu siku hiyo. Hizo Jumapili za bwawani hazikuwepo. Kila Jumapili ananiambia nifungue milango ya gereji mwanga uingie, nimsaidie kuketi. Ile gari ipo chini, kumwingiza ni kama kukunja godoro. Nikishamweka ananiambia nirudi ndani. Siku moja nilisahau mkasi nikarudi. Nilimkuta anazitaja gia kwa sauti, "Ya tatu. Ya pili." Anauchukua mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, anauweka juu ya klachi, unateleza. Anauchukua tena. Nikaondoka bila mkasi.

Sasa lile swali la mguu wa kushoto. Hakukucheka, wifi. Aliuliza kwa kweli. Barua yako ilipokuja alinipa nimsomee, miwani yake ilikuwa juu ya kabati. Niliposoma "unalala" alininyooshea mkono nisite. Halafu akasema, pole pole ili nielewe, "Kumbe hata wangu ungepata kazi." Akacheka. Miezi sita sijamsikia akicheka. Halafu akalia.

Sijui wewe utafanya nini. Mimi nimefika mwisho wa uzi wangu.

Wifi yako


29 Mei

Kaka yangu,

Nimefika salama jana saa kumi jioni. Sasa nikueleze tangu nilipotoka kwenu.

Asubuhi ile ulijifanya umelala. Niliingia kuaga, nikaona shuka linapumua kama mtu aliyetoka mbio. Nje nikamkuta Nyigu ameoshwa, ufunguo uko ndani, na dimbwi la maji chini yake. Wifi ananiambia ulianza kumuosha alfajiri, kwa mkono mmoja, umekaa kwenye kigoda, unakisogeza kigoda. Na funguo za friji langu zilikuwa zimetoweka mezani. Ningeweza kuja kuzidai. Nikaona, mtu akishakuandalia safari, nenda.

Zile siku tano za kukufundisha friji langu pale uwanja wa shule sitazisahau. Nimefundisha wengi, sijapata mwanafunzi mbishi kama wewe. Uliniambia, "Usinikanyagie breki." Nikakujibu gari hili halina breki ya pili, leo nina maombi tu. Kila ulipotaka kupunguza mwendo bega lako la kushoto liliruka kutafuta gia, na gia haipo, na mimi nikageukia dirishani nisikuone uso. Siku ya tatu bega likatulia. Siku ya nne ukafunga kile kishikio kwenye usukani, kirungu cha gia ya lori la zamani, na skrubu zako mbili, ili uugeuze kwa mkono mmoja. Hukuniomba ruhusa. Umelitoboa gari langu, kaka, na nilifurahi mno hata sikuweza kugomba. Daktari amesema macho ni mazima na akili ni nzima. La pili nina shaka nalo, lakini ameshaandika ruhusa: otomatiki peke yake, na wiki sita za kwanza wifi akae pembeni.

Sasa Nyigu. Utataka niseme ilikuwa raha. Nitasema ukweli, maana tumedanganyana vya kutosha.

Saa ya kwanza nilijuta. Ile klachi ni kama kusukuma ukuta. Jua liko kichwani, malori yanapita na magurudumu yake usawa wa sikio langu, na moshi wake nimeula wote. Mvua ikanikuta karibu na daraja, hema la juu, lile paa la kukunja, likavuja pale pale ulipoliziba mwenyewe na gundi, na maji yakanidondokea goti la kulia saa nzima. Kila mtu aliyenipita alikuwa kwenye gari kama friji langu, vioo vimefungwa, amekauka, na nikamwonea wivu. Kwenye kituo cha mafuta watu walikuja kupiga picha. Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, umeliazima?" Nikamwambia hapana, nimelisugua.

Raha ilikuja mara moja. Ule mteremko mrefu kabla ya mji wetu, unaujua. Mvua ilikuwa imekatika, nyuma hakuna gari, mbele hakuna gari. Nikashusha kwenda ya tatu, mguu ukabana, mkono ukavuta, Nyigu akaunguruma, akaingia kwenye kona kama amevutwa na kamba. Halafu nyingine. Zilikuwa kona nne, labda dakika mbili kwa jumla. Nilijikuta naongea peke yangu. Sikumbuki nilisema nini.

Saa sita za mateso kwa dakika mbili. Sijui kama hesabu hiyo inalipa. Mgongo unasema hailipi.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, miwani iko usoni.

Wifi yako anakaa pembeni kila siku. Anashika mlango kwa mikono miwili na kufumba macho kama yule karani wako. Nikimwambia afumbue anasema ameshona macho. Tunakwenda sokoni na kurudi. Friji linalia nikisogea pembeni, linalia nikikaribia mtu, linalia nikifungua mlango kabla sijalizima. Nimeishi na mafundi na wateja miaka arobaini, sijawahi kugombezwa kiasi hiki. Na nalisikiliza, maana upande wa kushoto mimi sisikii tena gari linaishia wapi. Lenyewe linajua.

Sasa ule ufunguo.

Nimeanza karatasi tatu nikachana. Hii ya nne sitachana.

Siku ile ulipokuwa unarudi kutoka bwawani, kona ya chini ya kiwanda cha matofali, mimi huipita kwa gia ya pili. Nimeipita hivyo maisha yangu yote, na mguu wangu uko tayari juu ya breki. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na moja, saa moja tu tangu ushike usukani wa gari hilo. Uliipita kwa ya tatu. Hukukaza mikono. Ulikuwa unanisimulia jambo, sijui rafiki yako amefanya nini, na unacheka, na Nyigu hakutikisika hata kidogo. Nikajua. Fundi ni mimi, injini nimeifungua mimi, lakini dereva ni wewe. Nikaona ukizoea, watu watajua. Ndipo nikasema simama.

Hukukosea kitu. Mimi ndiye niliyekosea, na kila mwaka nilisema nitakuambia mwakani.

Ulipoanza kazi ya kufundisha nilijisemea, basi, imekuwa heri. Nikajidanganya na hilo. Halafu barua yako ya mwezi wa tatu ikaja, nami nimekaa na mguu uliokufa, nikaona hata siku ya kukupa Nyigu kwa heshima imepita. Sasa ningekupa kwa sababu siwezi. Kwa hiyo nikakuandikia habari za grisi.

Usiniambie umenisamehe. Bado mapema. Mrekebishe tu hilo hema.

Kaka yako


11 Julai

Kaka,

Sijakusamehe. Nilikaa na barua yako siku tisa. Siku ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika, ya tatu nilikuwa na wanafunzi wanane na sikuwa na nafasi ya lolote. Jumamosi nikachukua Nyigu nikaenda ule mteremko, nikaupanda na kuushuka mara tatu, kwa gia ya tatu kila kona. Nikarudi nyumbani nikalala mchana kutwa. Sijalala hivyo tangu mwaka jana.

Nikujibu ulichoniuliza nyuma ya karatasi yako ya mwisho, eti gari gani ninalifurahia zaidi sasa nimeyajua yote mawili. Jumatatu asubuhi, mvua inanyesha, nina vitabu vya mtihani na mwavuli, nalitamani friji mpaka meno yanauma. Nyigu hataki kuwaka, plagi zimelowa, nafika kazini nanuka petroli na wanafunzi wanapeana macho. Klachi ya Nyigu asubuhi, klachi za wanafunzi kutwa. Goti langu la kushoto limeanza kuongea. Siku tano kwa wiki ningekupa Nyigu na msasa wangu wote.

Siku ya sita ni nyingine.

Lakini tusifanye hii hadithi iwe nzuri kuliko ilivyo. Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Ningetaka siku hiyo ya sita nikiwa na ishirini na moja.

Friji baki nalo. Si kwa huruma, usinune. Nimeshalitafuta jingine, la zamani kidogo, jeupe vilevile. Nyigu atakaa chini ya turubai mpaka Jumamosi. Hema nimelipeleka kwa fundi viti, amecheka gundi yako.

Wiki zako sita zimekwisha, wifi ameniambia. Umeshatoka peke yako? Au unaogopa?

Mdogo wako


23 Julai

Mdogo wangu,

Niliogopa. Wiki sita zilipokwisha nikasema ngoja saba. Saba ilipokwisha nikasema gari linahitaji upepo wa tairi.

Jumanne nilikuwa na miadi ya mazoezi ya viungo, na wifi yako alikuwa na sare za kukabidhi. Akaniambia, "Nenda mwenyewe, mimi sina wakati wa kufumba macho leo." Nikaenda. Dakika ishirini. Mikono ilitoka jasho, hata ule mkono usiosikia kitu ulitoka jasho. Nikaegesha, friji likalia, nikashuka na mkongojo wangu. Kijana wa mazoezi akaniuliza nani amenileta. Nikamwambia hakuna. Akadhani hajanielewa, akanitaka nirudie.

Wakati wa kurudi nikafika mtaani kwetu. Wifi yako alikuwa amesimama getini na futi yake ya kupimia shingoni, ananisubiri. Nikamwona, naye akaniona. Nikawasha taa ya kukata kona kushoto, kama ulivyonifundisha, mapema. Halafu nikaizima. Nikampita.

Nilimwona kwenye kioo ametoka mpaka katikati ya barabara.

Nikapanda barabara ya bwawani. Nisikudanganye, mdogo wangu, si kitu kimoja. Sikusikia kokoto. Kona zilikuja zikaondoka, gari likabadilisha gia lenyewe bila kuniuliza, na chini ya kiwanda cha matofali, pale pale, lilipita kama linapita sokoni. Hakukuwa na joto miguuni. Nilishusha kioo angalau nipate harufu, nikapata harufu ya matofali yanayochomwa. Nikaenda hivyo, kioo wazi. Hakuna aliyejua niko wapi. Tangu mwezi wa kumi na moja, kila saa ya kila siku kuna mtu anayejua niko wapi.

Nilikaa bwawani sijui muda gani. Sikushuka, maana kushuka ni kazi.

Niliporudi wifi yako alikuwa bado getini, na majirani wawili wa kumsaidia kuhangaika. Akaniuliza nilikwenda wapi, amejaa machozi na hasira. Unajua maneno yangu siku hizi, yanajikwaa, narudia mara tatu. Nikamjibu neno moja, na mara ya kwanza tu akalielewa.

"Kuendesha."

Akarudi kwenye cherehani yake, akashona mpaka jioni. Jioni akaniambia Jumapili na yeye anakwenda.

Kaka yako,
Fundi